Nani Anapika Kwenu? Maisha ya Dada Yetu, Sufuria Mbili

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka hospitali na shada kubwa la maua, poleni na karibuni. Kamati ya mazishi iliusoma wasifu huu juzi ikaomba upunguzwe makali. Familia ilikaa, ikafikiri, ikaongeza. Umechapwa kwenye ratiba mliyoishika kama ulivyo. Kazi ya kuusoma nimepewa mimi, mdogo wake wa mwisho, kwa sababu, kama shemeji alivyosema, nina sauti na sina mwajiri hospitalini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mbao. Baba alikuwa mlinzi wa ghala la misumari na mama alifua nguo za watu. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitoka amekunja uso, kana kwamba ameshaona jambo ambalo halikufanywa sawasawa. Uso huo alidumu nao. Waliofanya naye kazi wanaujua, na waliokuwa wakubwa wake wa kazi wanaujua zaidi.

Haiwezekani kueleza maisha yake bila kumtaja kaka yetu, kifungua mimba, aliyekuwa mshonaji wa suruali na makoti. Kaka alikuwa mwembamba tangu ujana, tumbo limejaa, miguu kama ya kuazima. Mtaani walimwita Fito. Alikula sana na chakula kilimpita tu. Waliomwonea huruma walisema ni minyoo, na wasiomwonea huruma walisema mengine ambayo sitayarudia mbele ya jeneza. Mama, kwa mapenzi yake, alimtengea mkate. Sisi wengine tulikunywa uji wa mahindi. Kaka aliletewa mkate mweupe na chai ya maziwa, asubuhi na jioni, ili apate nguvu. Tulimwonea wivu waziwazi. Hospitali ilimpa vidonge vya kuongeza damu ikamrudisha nyumbani. Alifariki Agosti 1984, akiwa na miaka ishirini na sita, koti la mteja likiwa bado kwenye cherehani. Marehemu alikuwa na miaka kumi na minane, na yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea kaka ule mkate chumbani.

Alisoma shule ya msingi na sekondari kwa miguu, maana nauli ilikuwa ya wavulana. Mwaka 1986 alijiunga na chuo cha afya, akahitimu mwaka 1989 kuwa mtaalamu wa lishe. Katika mwaka wa pili, mwalimu aliwafundisha kuhusu ugonjwa wa siliaki. Kwa wasioujua: ni ugonjwa ambao mwili wa mtu unaipiga vita ngano, pamoja na shayiri na ndugu zake, na katika vita hivyo unaochubuka ni utumbo wa mtu mwenyewe. Akila, chakula hakishikwi. Damu inapungua, mifupa inalika, mtu anakonda huku sahani anazimaliza. Dawa yake ni kuacha ngano kabisa, maisha yote, na ukiacha unapona. Mwalimu aliongeza kwamba ni ugonjwa wa watoto na wa watu wa mbali, wanafunzi wasipoteze muda nao.

Marehemu alinyoosha mkono. "Na mtu mzima mwenye dalili hizo hizo, mwalimu, tumwiteje?"

"Mtu mzima mwenye dalili hizo ana kitu kingine."

Darasa lilicheka. Yeye alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka kipindi kikaisha. Alikuwa amemwona kaka yetu katika kila sentensi ya somo lile, na aliuona pia mkono uliobeba sahani ya mkate. Hakumwambia mtu yeyote kwa miaka ishirini na zaidi.

Aliajiriwa mwaka huo huo wa 1989 katika hospitali kuu, jikoni, kusimamia chakula cha wagonjwa waliolazwa. Kwa muda mrefu aliwaona watu wazima wenye siliaki akiwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kati ya masufuria na gari la taka, kwa kuwa hapakuwa na chumba chao wala mtu aliyeona haja ya chumba chao. Mwaka 2003, baada ya kusumbua waganga wakuu watatu mfululizo, alipewa chumba cha mwisho kwenye korido, kati ya dobi na choo cha wafanyakazi, kila Jumatano asubuhi. Aliweka meza, mizani na benchi. Juu ya meza alipanga chekeche, mwiko, ubao wa kukatia, na pakiti tupu za vyakula vya dukani, za kuwafundisha watu kusoma maandishi madogo ya nyuma, ambazo wageni walidhani ni uchafu wakawa wanamsaidia kuzitupa.

Walikuja madereva, walimu, wauza duka, askari jela, wamama waliozaa na wasiozaa. Wengi walikuwa wameumwa miaka na miaka, na walipogundulika hatimaye daktari aliwaambia maneno mawili tu: "Acha ngano." Kana kwamba ngano ni mtu mmoja anayekaa mtaa mmoja. Ngano imo kwenye soseji na supu ya pakiti. Imo kwenye mafuta ambayo jana yalikaanga samaki wa kupakwa unga. Imo kwenye kisu kilichopaka siagi kwenye mkate wa mtoto kisha kikarudi kwenye kopo. Mtu mzima anaambiwa maneno mawili, anarudi nyumbani, anahangaika peke yake, anaumwa tena, na akirudi hospitali anaambiwa ni mkaidi.

Marehemu hakuanza na kipimo wala na somo. Aliuliza, "Nani anapika kwenu?" Ukijibu kwamba anapika mkeo, au mama, au dada yako, alifunga faili. "Wewe sina shida na wewe. Jumatano ijayo niletee huyo." Na huyo akija ndiye aliyepewa kiti, wewe mgonjwa ukasimama. Alimwambia awe na sufuria mbili, miiko miwili na chekeche mbili, na asichanganye. Wapo waliokuja juu.

"Kwa hiyo unasema mimi mchafu?" aliuliza mke wa dereva mmoja wa lori, mikono kiunoni.

"Wewe msafi, mama. Ngano ndiyo haina adabu. Inaingia bila hodi."

Mke yule yuko hapa leo, na ndiye aliyesimamia jiko la msiba huu. Kwa taarifa yenu, sufuria yenye mfuniko mweupe ni ya wagonjwa wa marehemu. Naomba mtu asichovye humo upawa wa sufuria nyingine, hata kama ana haraka gani. Tusimzike huku tunamkaidi.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 na shemeji yetu, fundi umeme, aliyekuja kurekebisha taa za jiko la hospitali akawa kila wiki anakuta zimeharibika tena. Kwenye harusi walialikwa wagonjwa watatu wa mlangoni kwake. Saa za mapambo, bibi harusi alionekana jikoni, shela limekunjwa begani, anafunua vyungu kimoja kimoja na kuuliza kipi kimetiwa unga. Shangazi wa shemeji alipiga kelele hadi ukumbini: "Jamani, bibi harusi gani huyu, anakagua sufuria kabla hajamkagua bwana!" Jina la Sufuria Mbili lilianza siku ile. Ukweni walimwita kwa kumkejeli, wagonjwa wakamwita kwa kumpenda, na yeye aliitikia pande zote mbili. Shemeji hakuwahi kumwita hivyo. Walijaliwa watoto wawili.

Sasa nisimulie jambo moja ambalo nililiona kwa macho yangu, mwaka 2009. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa mgonjwa wake. Mwaka mzima hakugusa mkate wala keki, na bia aliiacha ingawa iliwauma yeye na marafiki zake pia. Lakini mwili haukurudi. Alianguka darasani mara mbili. Wenzake walisema anakula kwa siri, na daktari akasema vivyo hivyo. Marehemu aliuliza swali lake. Anayepika ni mama yake mzazi, na magoti hayamruhusu kusafiri. "Basi tutayafuata magoti yalipo," akasema, na dereva nikawa mimi, kwa gari langu la kusambaza soda.

Alikaa kwenye kigoda jikoni mwa yule mama asubuhi nzima. Alimenya viazi, akasifu usafi, na kweli jiko lile lilistahili sifa. Sufuria zilikuwa mbili. Mwiko usiogusa ngano ulifungwa uzi mwekundu. Kisha yule mama akakoroga uji wa mchele wa mwanawe, akatupia jicho mlangoni, akashusha kopo kutoka kwenye rafu ya juu, akachota kijiko cha unga wa ngano akakitia ndani.

"Mama, hicho ni nini?"

"Kijiko kimoja tu, mwanangu. Uji wa mchele mtupu ni maji ya kuoshea vyombo. Mtu mzima atashikaje chaki na maji ya vyombo tumboni?"

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kukonda. Kila akikonda nami naongeza kidogo. Ila yeye usimwambie, atadhani namfanya mtoto."

Nilijua uso wa dada yangu, nikasogea nyuma nikisubiri kishindo. Hakikuja. Aliipua sufuria, akamwaga uji, akaosha, akaomba karanga za kusaga. Akamwambia yule mama, "Mapenzi yote uliyokuwa unatia humo, tia kwenye hizi. Weka hata vijiko vitatu, mimi sitakuuliza." Mama yule alielewa polepole, na alipoelewa akaketi chini sakafuni.

"Kwa hiyo nilikuwa namuua?"

"Ulikuwa unamlisha, mama. Aliyetakiwa kukueleza hakukufuata, basi."

Tulipofika garini dada alilia, na si kulia kwa kutulia. Ndipo aliponiambia kuhusu Fito, kuhusu somo lile chuoni, na kuhusu sahani ya mkate. Kaka hakupimwa, kwa hiyo hakuna wa kuthibitisha, lakini yeye hakuwa na shaka hata chembe. Alinishika mkono: "Mama asijue. Ukimwambia, mimi na wewe si ndugu tena." Mama yetu alifariki mwaka 2012 akiamini kwamba mwanawe wa kwanza alikufa ingawa alimlisha vizuri. Kwa vile amekwisha tangulia, na dada amemfuata, sasa linaweza kusemwa. Watu wazima wengi walikufa kwa mkate waliopewa na watu waliowapenda, na hapakuwa na mtu wa kukaa jikoni akaona. Marehemu alitaka mtu huyo awepo, kila Jumatano, hata kama yeye hayupo. Hakuomba kingine kazini kwa miaka thelathini na minne.

Mwalimu wa hesabu yupo. Ni yule kule nyuma ambaye tumbo limemtangulia kuingia. Siku hizi ni mwalimu mkuu.

Nije kwenye sehemu ambayo kamati iliipigia mstari. Mwaka 2016 msaidizi wa marehemu alihamishiwa mapokezi na hakuletwa mwingine. Mwaka 2019 kliniki ilipunguzwa ikawa Jumatano moja kwa mwezi. Katika kikao, mganga mkuu wa sasa aliuliza, "Kwani mtu mzima naye afundishwe kula?" Marehemu akajibu kwamba mtu mzima hufundishwa hata kuendesha gari, na hakuna anayeona ajabu. Wajumbe walicheka, mganga mkuu hakucheka, na Jumatano hazikurudi. Mwaka uliofuata mama mmoja muuza vitambaa, mwenye miaka arobaini na mmoja, aliteleza bafuni akavunjika nyonga kama ajuza. Mifupa yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa kwenye foleni ya kuonwa na marehemu, na foleni ilikuwa ndefu kwa sababu ya hizo Jumatano zilizokatwa. Dada mwenyewe alikwenda wodini akamwomba radhi, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Wenye kosa walituma kadi ya pole.

Marehemu alianza kuugua mwishoni mwa mwaka 2022. Ilikuwa saratani ya koo la chakula. Hapa najua watu wanapenda kusema kazi ya Mungu haina makosa. Mimi nasema tu kwamba mtu aliyetumia maisha yake kuwatafutia wengine cha kula alifika mahali akashindwa kumeza maji, na nilipoona hivyo nilikasirika, na bado nimekasirika. Alilazwa katika hospitali ile ile. Siku ya kwanza jiko lilimletea mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Aliutazama, akanitazama, akacheka bila sauti, maana sauti ilishaanza kumwishia. Wagonjwa wake walimfuata wodini na pakiti zao za dukani mikononi, naye aliwasomea maandishi yale madogo ya nyuma akiwa amelala, akitikisa kichwa kwa hapana na kupepesa macho kwa ndiyo. Muuguzi wa zamu alitaka kuwafukuza. Shemeji alimwambia, kwa upole wake wote, "Dada, hawa ndio dripu yake."

Mwezi Oktoba mwaka huu mganga mkuu alikuja kumwona, na matunda kwenye kikapu. Alisema mbele yetu, mimi, shemeji na binti yake: "Pumzika, dada. Kliniki yako haitafungwa. Nakuahidi." Dada alijikaza akatoa neno moja: "Nani?" Mganga mkuu akasema, "Tutaangalia." Dada aligeukia ukutani. Matunda tulikula sisi.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, asubuhi, mumewe akiwa amemshika miguu kwa sababu alisema ina baridi. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda hospitali kuchukua koti lake la kazi na mizani, ambayo aliinunua mwenyewe. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimeng'olewa. Nilifungua nikakuta viti vya plastiki vimepangwa hadi darini, na benchi la wagonjwa limelaliwa na meza mbovu. Mtunza stoo alikuwa mtu mwenye aibu. "Kaka, mimi nimeambiwa tu niingize," akasema. "Hata maiti yake haijatoka mochwari, nikawauliza, wakaniambia nafasi ni nafasi." Alinisaidia kubeba mizani hadi garini. Viti vile, waombolezaji, ndivyo mlivyokalia. Hospitali imetukopesha kwa moyo mkunjufu, na imetuomba tuvirudishe vikiwa safi.

Marehemu ameacha mume mmoja, ambaye tangu Alhamisi ile anapika chakula cha watu wawili kisha anakaa anakitazama. Ameacha binti, mpima ardhi, na mwana wa kiume aliye chuoni. Ameacha mjukuu mmoja, ndugu wawili tuliobaki, mimi na dada yetu aliye mtoto wa nne, pamoja na wakwe ambao mwishoni walimwita kwa heshima. Ameacha na hawa waliosimama upande wa ukuta. Ratiba inawaita marafiki wa familia, kwa kuwa kamati haikujua iwaiteje. Ni wagonjwa wake. Wengine wametoka mbali usiku kucha kwa basi, kila mmoja na chakula chake mfukoni. Tangu jana wananiuliza mimi, msambaza soda, kama kidonge fulani cha presha kimetiwa unga wa ngano ndani, na kama mtoto wa miaka kumi na tisa aliyegundulika juzi aende kwa nani. Sijui. Nimewajibu hivyo wote, mmoja mmoja, na sijawahi kuona watu wakishukuru kwa jibu baya namna ile.

Ratiba inaonyesha kwamba sasa hospitali itatoa salamu zake. Familia imeomba salamu hizo zisisomwe. Tunajua zitasema alikuwa nguzo. Mganga mkuu, baba, umekaa mstari wa mbele na tunakuheshimu. Kipaza sauti hiki nakuachia kwa jambo moja tu. Watazame hawa waliosimama ukutani, uwaambie Jumatano ijayo wakifika watamkuta nani. Kama yupo, mtaje, nasi tutakupigia makofi hapa hapa makaburini. Kama hayupo, usisimame. Baki umekaa hivyo hivyo, nao watajua kwamba leo wanarudi nyumbani peke yao, na sisi tutashika makoleo.

Mungu ampokee dada yetu na ampumzishe kwa amani.